Anasikia Kinyamwezi, anajibu Kiswahili

Mtoto wa Tabora mjini ambaye bibi yake humtuma kwa Kinyamwezi, akaenda, akaleta kilichotakiwa, kisha akajibu kwa Kiswahili, si wa kuanzishwa moja. Mfungulie somo kwa majina ya wanyama, wiki ya pili humwoni. Kinyamwezi anacho, ila ni kile tu alichoambiwa yeye.

Chukua salamu ya asubuhi. Wakubwa humwamkia "wangaluka", naye humrudishia mzee hivyohivyo, wakati mzee anastahili "mwangaluka". Si utovu wa adabu. Umbo la heshima halijawahi kuelekezwa kwake. Walimu wa Kihispania kule Marekani wanalijua jambo hili kwa watoto wa wahamiaji: *tú* ("wewe" ya kawaida) ya nyumbani wanayo, *usted* ("wewe" ya heshima) inawapiga chenga. Ndiyo maana shule na vyuo vingi huko huwatengea darasa lao. Dawa ni kumfanya mtoto awe wa kwanza kuamkia, kila kipindi, mbele ya mzee wa kweli.

Kabla ya yote mpime kwa mdomo, dakika 15 zinatosha. Mpe amri tano, muulize maswali matano, halafu asimulie alichofanya jana. Amri atazitekeleza zote. Kwenye jana atakwama, na hapo ndipo somo lianzie.

Kosa linalosikika sana ni "banhu batatu", akitaka kusema "watu watatu". Kiambishi ba- amekipatia, lakini shina amelitoa kwenye Kiswahili. Inatakiwa "banhu badatu". Sauti mbili sighuna (zisizotetemesha koo, kama t) zikifuatana katika silabi jirani, ya kwanza hughunishwa, yaani hutetemesha koo, kama d: -tatu ikawa -datu. Kwenye tano, t inafuatwa na n, ambayo ni ghuna, kwa hiyo haiguswi. Wanaisimu huiita Sheria ya Dahl, kwa jina la mmisionari aliyeiona kwenye Kinyamwezi chenyewe. Mtoto humhitaji Dahl? Hapana. Usimkatishe, itikia tu "Ee, banhu badatu", mwendelee. Ukicheka (na mashangazi kwa kucheka hawajambo) anahamia Kiswahili moja kwa moja.

Daftari lisubiri mwezi mzima. Kinyamwezi kina irabu saba, na jicho lililozoea tahajia ya Kiswahili litasoma tano. Rekodi bibi kwa simu, dakika mbili tu. Mara ya kwanza asikilize bila kusimamisha. Ya pili asimamishe anapopotea. Ya tatu amsimulie bibi mwenyewe, maana bibi hatakubali kujibiwa nusunusu.