Kioo cha mbele cha gari la spoti la zamani: dhana potofu na ukweli kuhusu ubora

Anayetafuta kioo cha mbele cha gari la spoti lililotengenezwa miaka thelathini au hamsini iliyopita hukutana na ushauri mwingi kabla hajakiona kioo chenyewe. Mmoja humwambia asiguse kioo kisicho na nembo ya kampuni iliyounda gari, na mwingine humhakikishia kwamba vioo vyote ni sawa ili mradi fundi akiweke na kisivuje. Ushauri wa aina hiyo una chembe ya kweli ndani yake, lakini ukichukuliwa kwa ujumla wake humfanya mtu alipie jina badala ya kioo, au afunge kioo kitakachomchosha macho kila anapoendesha. Magari haya yana mambo mawili yanayoyatofautisha na magari ya kawaida: kioo chake hulala sana, na fremu zake nyingi zimeshawahi kuchomelewa, kunyooshwa au kuliwa na kutu. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua kioo gani ni kizuri, na ndiyo yanayosahaulika zaidi.

Dhana: Kioo bora ni kile chenye nembo ya kampuni ya gari pekee

Kampuni nyingi za magari hazitengenezi vioo vyake zenyewe. Hununua kwa watengenezaji wa vioo kama Pilkington, Saint-Gobain Sekurit, AGC au Fuyao, na nembo ya gari huchapwa kwenye kioo kwa makubaliano. Watengenezaji hao hao huuza vioo kwa jina lao wenyewe katika soko la vipuri, na mara nyingi ubora wake hautofautiani na ule wa kioo chenye nembo.

Hata hivyo, kwa gari la zamani hoja hiyo isinyooshwe kupita kiasi. Kioo kilichopinda huundwa kwa kulaza bapa za kioo juu ya ukungu (kalibu) wa chuma ndani ya tanuri hadi zilainike na kufuata umbo la ukungu. Ukungu wa mwanzo wa gari lililoacha kuzalishwa zamani huenda umekwisha kuchakaa au kutupwa, na kioo kinachouzwa leo kikawa kimetokana na ukungu mpya uliochongwa kwa kupima kioo cha zamani au gari lenyewe. Ukungu huo unaweza kuwa sahihi kabisa, na unaweza kupotoka kwa milimita chache kwenye pembe. Kwa hiyo jina la mtengenezaji anayeheshimika ni mwanzo mzuri, lakini halimwondolei mnunuzi wajibu wa kukipima kioo kilicho mbele yake. Binafsi ningechagua kioo kisicho na nembo ya gari kilichopimwa vizuri kuliko chenye nembo ambacho muuzaji hataki kijaribiwe kabla ya kulipiwa.

Dhana: Alama ya E huonyesha nchi kilikotengenezwa, na herufi za DOT ni uthibitisho wa serikali ya Marekani

Alama ndogo zilizochapwa kwenye pembe ya kioo ndizo habari za kuaminika zaidi anazoweza kupata mnunuzi, lakini husomwa vibaya. Herufi E iliyo ndani ya duara pamoja na namba hutaja nchi iliyotoa idhini chini ya Kanuni namba 43 ya Umoja wa Mataifa: 1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 3 ni Italia, 4 ni Uholanzi, 11 ni Uingereza. Kiwanda chaweza kuwa bara jingine kabisa. Herufi za DOT, kifupi cha jina la Kiingereza la Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, nazo hufuatwa na namba ya utambulisho wa mtengenezaji. Kwa utaratibu wa Marekani mtengenezaji mwenyewe ndiye anayetangaza kwamba bidhaa yake inakidhi kiwango, wala serikali haikijaribu kila kioo kabla hakijauzwa.

Lililo muhimu zaidi ni alama ya aina ya kioo. Katika mfumo wa Marekani, AS1 ndiyo inayotakiwa kwenye kioo cha mbele, na humaanisha kioo cha tabaka, yaani bapa mbili zilizoshikanishwa, kinachopitisha angalau asilimia 70 ya mwanga. Katika mfumo wa Kanuni namba 43, namba ya Kirumi I ni kioo kilichoimarishwa kwa joto, na II ni kioo cha tabaka cha kawaida. Kioo kisicho na alama yoyote ya aina hii kiachwe, hata kama bei yake inavutia na muuzaji ni mtu mnayefahamiana.

Dhana: Kurudisha aina ileile ya kioo kilichokuja na gari ndiko kurudisha usalama wake

Hapa wapenda magari ya zamani hupotoka kwa nia njema. Magari mengi ya Ulaya ya miaka ya 1960 na 1970 yaliuzwa yakiwa na kioo cha mbele kilichoimarishwa kwa joto, cha aina inayotumika hadi leo kwenye milango. Kioo hicho hupashwa joto la zaidi ya nyuzi 600 na kupozwa ghafla kwa upepo, jambo linalokipa nguvu dhidi ya kugongwa. Lakini kikivunjika hupasuka chote kwa mara moja na kuwa chembechembe, na dereva aliye katika mwendo hubaki haoni barabara au anapigwa na upepo na chembe hizo usoni.

Kioo cha tabaka ni bapa mbili zilizoshikanishwa na utando wa plastiki katikati. Mkemia Mfaransa Édouard Bénédictus alipata wazo hilo mwaka 1903 na kulisajili mwaka 1909. Utando wa mwanzo ulikuwa na kasoro ya kugeuka rangi ya manjano kwa jua. Leo hutumika polivinaili butirali, kwa kawaida yenye unene wa milimita 0.76. Jiwe likikipiga, kioo hupata ufa lakini hubaki mahali pake, na mwili wa abiria ukikigonga, utando hunyumbuka na kumzuia asitupwe nje. Ikiwa gari lako lilikuja na kioo kilichoimarishwa kwa joto na cha tabaka kinapatikana, chukua cha tabaka. Ni mojawapo ya sehemu chache ambazo kuacha uasilia wa gari hakuna hasara yoyote.

Dhana: Kioo kinene ndicho imara

Unene wa jumla wa kioo cha tabaka huwa kati ya milimita 4.5 na 7 hivi, na kila gari limepangiwa wake. Kioo kinene kuliko kilichokusudiwa hakiingii vizuri katika mfereji wa mpira, huongeza uzito juu ya gari lililoundwa kuwa jepesi, na husukuma pambo la chuma la ukingoni lisikae. Uimara hutokana zaidi na utando ulioshika vizuri na kingo zilizosagwa zikawa laini. Pitisha kidole kwa uangalifu ukingoni mwa kioo kizima: mahali palipomeguka hata kwa ukubwa wa punje ya mchele ndipo ufa utakapoanzia siku gari likitikiswa au likipata joto kali.

Dhana: Kioo kinachoonekana safi kikiwa kimesimama dukani kitaonekana safi garini

Hili ndilo kosa linalowagharimu zaidi wenye magari ya spoti. Kioo cha gari refu la mizigo husimama karibu wima, hivyo macho hupenya unene wake kwa njia fupi. Kioo cha gari la spoti hulala, na macho ya dereva hukipenya kimshazari. Kasoro ndogo ya unene, au bapa mbili zisizo sambamba kabisa, ambayo haionekani kioo kikiwa wima, hukua kikilazwa. Usiku huonekana kama taa mbili badala ya moja kwa kila gari linalokuja. Mchana huonekana kama mstari wa barabara unaopinda kidogo kisha ukanyooka kila kichwa kinaposogea. Dereva wa gari la spoti hukaa chini, na kwa hiyo hutazama kupitia sehemu ya chini ya kioo, karibu na ukingo ambako mpindo ni mkali na kasoro ni nyingi.

Kipimo chake ni rahisi, na muuzaji mwaminifu hatakataa. Tafuta ukuta wenye mistari iliyonyooka, kama vile matofali, vigae au mabati yenye migongo, kisha watu wawili wakishike kioo kwa mlalo uleule kitakaokuwa nao garini, nawe simama nyuma yake umbali sawa na wa kiti cha dereva. Funga jicho moja, tazama mstari mmoja, kisha sogeza kichwa polepole kutoka kushoto kwenda kulia na kutoka juu kwenda chini. Katika eneo linalofagiliwa na waipa upande wa dereva, mstari usicheze. Karibu kabisa na ukingo utacheza kidogo katika vioo vingi vilivyopinda, na hilo linavumilika. Rudia ukiwa gizani kwa kutazama taa moja ya mbali: ikiwa kuna kivuli cha pili cha taa kilichojitenga waziwazi na ya kwanza, kikatae kioo hicho.

Tazama pia rangi na ukanda wa kivuli wa juu. Kioo cha kijani kilichowekwa kwenye gari ambalo vioo vya pembeni ni vyeupe huonekana mara moja, na ukanda mpana kupita kiasi hukata uoni wa dereva mrefu, kwa kuwa kimo cha kioo cha gari la spoti chenyewe ni kidogo.

Dhana: Kikiingia katika nafasi yake, basi kimeenea

Kioo hukubali kulazimishwa kwa muda, kisha hulipiza. Fundi mwenye nguvu anaweza kukikandamiza kioo chenye mpindo usiolingana na fremu hadi kikakaa, na mpira au gundi ikakishikilia hapo. Lakini kimebaki katika mkazo, na baada ya siku au wiki ufa huanza ukingoni na kukatiza katikati bila alama yoyote ya kupigwa na jiwe. Mwenye gari hulaumu kioo, na fundi hulaumu barabara.

Dawa yake ni kukijaribisha kikavu: kabla ya gundi wala mpira, kioo kilazwe juu ya vipande vidogo vya mpira vyenye unene sawa, na nafasi kati yake na chuma ipimwe pande zote nne na hasa kwenye pembe. Kioo kikiyumba kinapobonyezwa pembe moja, lazima ijulikane kama tatizo ni la kioo au la fremu. Kukijaribisha hivyo kioo cha zamani, kama bado ni kizima, au kioo kingine kipya, hutoa jibu. Katika magari yaliyowahi kugongwa au kubadilishiwa vyuma, mara nyingi fremu ndiyo iliyopinda, na hapo hakuna kioo cha bei yoyote kitakachokaa vizuri kabla haijanyooshwa. Wakati huohuo waipa zipitishwe juu ya kioo kwa mkono, kwa sababu mpindo usio sahihi huacha eneo lisilofagiliwa mbele ya macho ya dereva.

Dhana: Kioo asilia kilichotumika ni bora kuliko kipya cha soko la vipuri

Kioo kilichotembea miaka mingi kimejaa vidoa vidogo vilivyochongwa na mchanga ambavyo huwaka kama ukungu jua likiwa mbele. Kuking'arisha husaidia mikwaruzo myepesi tu. Mkwaruzo unaoshika ukucha ukisuguliwa hadi utoweke huacha bonde linalopinda picha. Hata kioo cha zamani ambacho hakijatumika kinaweza kuwa kimeingiza unyevu ukingoni, na utando ukaanza kuachana na kuonekana kama maziwa. Kikague kingo zote kabla ya kukisifu.

Dhana: Kioo kikiwa bora, namna ya kukifunga haina uzito

Njia ya kufunga hufuata gari. Porsche 911 za mwanzo zilishikiliwa kioo kwa mpira, na kizazi cha baadaye kiitwacho 993 kikatumia gundi. Mazda MX-5 ya mwaka 1989 ilitumia gundi tangu mwanzo. Panapotakiwa mpira, ununuliwe mpya pamoja na kioo, kwa sababu mpira mkavu huvuja na kukikaba kioo. Panapotakiwa gundi, iwe poliuretheni ya vioo vya magari pamoja na praima yake (kimiminika kinachopakwa kwanza ili gundi ishike), kamwe isiwe silikoni ya madirisha ya nyumba, ambayo haikuundwa kubeba uzito. Kioo kilichogandishwa husaidia kushikilia bodi, na katika magari mengi yenye mfuko wa hewa wa abiria, mfuko huo hufumka ukiegemea kioo. Gundi ikiachia, mfuko hutoka nje pamoja nacho. Kutu yoyote ukingoni iondolewe hadi chuma safi, kwa kuwa gundi hushika kilicho juu, na kutu ikibanduka kioo hubanduka nayo.

Poliuretheni hukauka kwa kuvuta unyevu wa hewani, hivyo muda wa kusubiri hubadilika kulingana na gundi na hali ya hewa, kuanzia chini ya saa moja hadi siku nzima. Muda huo umeandikwa kwenye mrija wa gundi au karatasi yake ya maelezo, na mwenye gari ana haki ya kuomba kuusoma kabla hajawasha injini.