Kama Nishati Haipotei, Tunaokoa Nini?

Nikikagua mitambo ya joto, hakosekani mtu wa kunitupia swali hili, tena kwa sauti ya aliyenibana ukutani: "Mhandisi, si tulifundishwa nishati haiumbwi wala haiangamizwi? Sasa hiyo ya kuokoa ni ipi?" Wanaouliza ni mafundi, mameneja, hata walimu wa fizikia. Nimechoka kulijibu nikiwa nimesimama mlangoni, kwa hiyo leo naliandika.

Kanuni yenyewe ni sahihi. Mayer aliitamka 1842, Joule akaipima miaka hiyohiyo ya 1840 kwa makasia yaliyokoroga maji huku uzito ukishuka, Helmholtz akaipa sura ya kihesabu 1847. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na anayeishia hapo, kana kwamba Carnot hakuandika lolote 1824 kuhusu ukomo wa injini za joto, na Clausius hakutuachia 1865 entropia, yaani kipimo cha jinsi nishati inavyotawanyika.

Chukua birika la umeme lenye lita moja ya maji ya nyuzi 20. Kuyafikisha nyuzi 100 kunataka kilojouli 335 hivi, pungufu kidogo ya sehemu ya kumi ya kilowati-saa. Karibu zote huingia kwenye maji, na ndiyo maana birika husifiwa kwa ufanisi unaokaribia asilimia 100. Sifa hiyo ndiyo inayonikera.

Jouli hizo zilipokuwa bado kwenye waya, mota isiyopoteza kitu ingeweza kuzitumia kunyanyua tani moja hadi mita 34 juu. Zikishaingia kwenye maji yanayochemka, ipe kazi injini kamilifu, isiyo na msuguano wala uvujaji, ichote joto la maji hayo yakipoa katika chumba cha nyuzi 20. Itapata kilojouli 39, basi. Tani ileile itapanda mita 4. Usiilaumu injini, maana huo ndio ukomo ambao hakuna fundi atakayeuvuka.

Sasa tazama hasara imetokea lini. Maji hayajapoa hata kidogo, hakuna jouli iliyotoroka, na tayari asilimia 88 ya uwezo wa kufanya kazi imekwisha. Umeangamia palepale kwenye koili, umeme ulipogeuka joto. Watu hulaumu mvuke unaotoka na birika linalopoa mezani, ilhali sehemu kubwa ya uharibifu imeshapita kabla ya hapo. Maji yakipoa kabisa, kilojouli zote 335 bado zipo: zimo hewani, kwenye kuta, kwenye meza, kila kimoja kimepata joto kiduchu. Maji yakimwagika hayazoleki, na joto lililotawanyika namna hiyo hakuna mashine itakayolirudisha kuwa umeme bila kutumia kazi nyingine mpya.

Huo uwezo wa kufanya kazi ndio tunaoutumia, na ndio tunaouokoa. Zoran Rant aliupa jina la eksajia mwaka 1956, na tofauti na nishati, hauhifadhiwi: kila badiliko halisi huupunguza, na ukishaangamia haurudi. Na kama birika kweli lingekuwa limefika ukomo wa ufanisi, pampu ya joto isingewezekana. Nayo ipo, na kwa kipimo kimoja cha umeme huingiza ndani vipimo vitatu au zaidi vya joto, kwa kuwa vingine inavivuta kutoka nje.

Hata Dunia nzima iko hivyo. Nishati inayoipokea kutoka kwenye Jua huirudisha angani karibu yote. Inapokea mwanga wa kitu chenye kelvini 5,800 hivi (kelvini ni nyuzi zinazohesabiwa kuanzia baridi ya mwisho kabisa), inatoa mionzi ya kelvini 255, takriban fotoni, yaani chembe za mwanga, 20 hafifu kwa kila moja iliyoingia. Mimea, upepo na mvua vinaendeshwa na tofauti hiyo.

Kuna jambo ambalo vitabu hulipita haraka, nalo linanisumbua. Eksajia haimo ndani ya maji peke yake. Maji yaleyale yanayochemka, ukiyaweka penye nyuzi 0 badala ya 20, yana kilojouli 62 badala ya 39. Kwa hiyo ninapoandika kwenye ripoti kwamba mtambo umeangamiza kiasi fulani, nimeshachagua mazingira ya kulinganishia, na mwenzangu akichagua mengine atapata namba nyingine. Vitabu huweka nyuzi 25 kwenye jedwali na kuendelea. Hata ile kanuni ya kwamba nishati haipotei ina mpaka wake: mwanahisabati Noether alionyesha 1918 kwamba uhifadhi wa nishati unatokana na sheria za asili kutobadilika kadiri wakati unavyopita. Katika ulimwengu unaotanuka, mwanga wa kale hurefuka mawimbi na kupungukiwa nishati, na wanafizikia hawajakubaliana kwamba kuna daftari moja la ulimwengu wote ambamo upungufu huo unafidiwa. Kwenye chumba cha boila hilo halibadilishi kitu, lakini "kamwe na popote" ni maneno makubwa kuliko fizikia yenyewe.

Ndiyo maana ukaguzi wangu hauanzii kwenye mita. Unaanzia kwenye halijoto: moto wa gesi unaozidi nyuzi 1,500 umewashwa ili kupata maji ya nyuzi 45, huku bomba la jirani likimwaga nje maji ya nyuzi 70.