Dhana potofu kuhusu uhifadhi wa kazi za origami na haki za wabunifu wake

Dhana inayoleta hasara kubwa kuliko zote katika origami, sanaa ya Kijapani ya kukunja karatasi kuwa maumbo, ni ile isemayo kwamba kazi ikiharibika si neno, kwa kuwa karatasi zipo na mikono ipo, basi itakunjwa nyingine. Kwa korongo wa kawaida, ambaye watoto wa Japani hufundishwa kumkunja tangu utotoni, kauli hiyo ina ukweli. Kwa kazi za wasanii waliobobea, haina. Msanii wa Japani Akira Yoshizawa, aliyezaliwa mwaka 1911 na kufariki mwaka 2005, anakadiriwa kubuni maumbo zaidi ya 50,000, lakini yaliyochorewa hatua za kukunja ni mia kadhaa tu. Mengine, kama yapo, yamo ndani ya karatasi zenyewe, na karatasi ikiharibika hupotea pamoja na maarifa ya jinsi ilivyokunjwa. Hata pale ilipo ramani ya mikunjo, yaani mchoro wa mistari inayobaki karatasi inapokunjuliwa, kwa kawaida humfikisha mkunjaji kwenye umbo la msingi tu, wala haimwambii shavu litutumke kiasi gani au kidole kipinde wapi. Éric Joisel wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 2010, alizifinyanga nyuso za vibwengo wake katika karatasi yenye unyevu, na hakuna mchoro unaoweza kuurudisha uso ule ule.

Wako pia wanaoamini kwamba kazi ikishatiwa ndani ya fremu ya kioo imekwisha kuhifadhiwa. Kioo huzuia vumbi na vidole, lakini kioo cha kawaida hakizuii mwanga wote unaodhuru. Madhara ya mwanga hujilimbikiza na rangi iliyopauka hairudi, ndiyo maana makumbusho mengi huonyesha kazi za karatasi kwa mwanga hafifu usiozidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwangaza), tena kwa muda maalumu. Karatasi yenyewe nayo huweza kuwa adui wa kazi: ile iliyotengenezwa kwa massa ya mbao yenye asidi na lignini, kijenzi cha asili cha mbao, hugeuka manjano na kukatika kwenye mkunjo, mahali ambapo nyuzi zake zilikwisha kudhoofishwa, ilhali washi, karatasi ya jadi ya Kijapani, ya nyuzi ndefu za mti wa kozo, jamaa ya mforsadi, hustahimili zaidi. Unyevu wa hewa ni hatari ya aina nyingine. Katika mbinu ya kukunja karatasi ikiwa na unyevu, iliyoenezwa na Yoshizawa, gundi iliyomo katika karatasi hulainika kwa maji na kushika umbo inapokauka. Hewa ikijaa unyevu tena, gundi hiyo hulegea na kazi huanza kujifungua polepole. Wapo wanaokimbilia kuipaka vanishi, na hilo mimi naliona kosa, kwa sababu vanishi nyingi hugeuka manjano na haziondoleki bila kuiumiza karatasi.

Upande wa haki, husemwa kwamba origami ni mila ya kale, kwa hiyo haina mwenyewe. Ni kweli kwamba korongo ni mali ya wote. Kitabu cha Senbazuru Orikata, kilichochapishwa Japani mwaka 1797, kinaonyesha makorongo walioungana katika karatasi moja. Lakini wadudu wa karatasi wenye miguu na vipapasio kamili, ambao watu huwashangaa leo, ni ubunifu wa watu wa zama zetu wanaojulikana kwa majina. Wala si lazima mbunifu awe amesajili kazi yake, kwa kuwa chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 ulinzi wa hakimiliki hautegemei usajili. Sheria ya Japani huulinda ubunifu kwa miaka 70 baada ya kifo cha mwenyewe, hivyo kazi za Yoshizawa zitalindwa huko hadi mwisho wa mwaka 2075.

Hata hivyo, dhana iliyo kinyume chake, kwamba mbunifu anamiliki kila mkunjo, nayo si sahihi. Mwaka 2011 mahakama za Japani ziliamua kesi ya mbunifu aliyelalamikia kituo cha televisheni kwa kuweka mtandaoni michoro ya umbo lake. Zilikubali kwamba michoro ya hatua inaweza kulindwa kama kazi ya kuchora, lakini namna ya kukunja yenyewe ni wazo tu, lisilolindwa, na kwa kuwa kituo kilichora kwa namna yake, mlalamikaji alishindwa. Mwaka huohuo, nchini Marekani, Robert Lang na wabunifu wenzake watano walimshtaki mchoraji Sarah Morris kwa kugeuza ramani zao za mikunjo kuwa michoro ya rangi. Shauri hilo lilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2013, kwa hiyo mahakama haikutoa hukumu.

Anayenunua kazi ya origami hununua karatasi tu, na ruhusa ya kuichapisha au kuuza nakala zake hubaki kwa mbunifu. Kwa hiyo kibandiko cha maonyesho kitenganishe jina la aliyebuni na la aliyekunja, kisha kitaje aina ya karatasi, gundi na mwaka, taarifa ambazo mhifadhi atazihitaji kabla hajaigusa kazi. Nacho kibandikwe kwenye sanduku lisilo na asidi, kamwe si kwenye kazi yenyewe.