Ulinganifu katika Ufunguzi wa Kiingereza: maana ya c4 kujibiwa kwa c5

Wengi wetu tulifundishwa sataranji kwa amri moja: anza na askari wa katikati. Askari aliye mbele ya mfalme, au aliye mbele ya malkia, anapiga hatua mbili na ugomvi unaanza papo hapo. Ufunguzi wa Kiingereza hupitia ubavuni. Nyeupe humsogeza askari wa mstari wa c hadi c4 (mistari ya wima ya ubao huitwa a hadi h, na safu za mlalo huhesabiwa 1 hadi 8 kuanzia upande wa Nyeupe), na miraba minne ya katikati hubaki tupu. Nyeusi ana majibu mengi. Akijibu kwa kumsogeza askari wake wa c hadi c5, pande mbili zinatazamana kama mtu na kioo, na hapo ndipo mchezo unapoingia katika tawi la ulinganifu. Katika mpangilio wa kimataifa wa funguzi, tawi hili limepewa namba A30 hadi A39.

Jina la Kiingereza halina uhusiano na lugha. Linatokana na Howard Staunton, Mwingereza aliyeitumia c4 katika pambano lake na Mfaransa Saint-Amant, mjini Paris mwaka 1843. Staunton alishinda pambano hilo, na jina likabaki.

Sasa tuangalie hao askari wawili wanafanya kazi gani, maana bila hilo ulinganifu ni pambo tu. Askari huenda mbele lakini hula kimshazari. Kwa hiyo aliyeko c4 analinda b5 na d5, ambayo ni miraba iliyo upande wa Nyeusi, na aliyeko c5 analinda b4 na d4, iliyo upande wa Nyeupe. Kila mmoja ameweka mguu kwenye mlango wa mwenzake. Nyeupe akitaka kuweka askari d4, c5 yuko tayari kumla. Nyeusi akitaka d5, c4 anamngoja.

Kisha maaskofu wanaingia kazini. Nyeupe hucheza g3, yaani humsogeza askari wa g hadi g3, na kumweka askofu g2. Nyeusi hufanya vivyo hivyo kwa g6 na g7. Askofu wa g2 anatazama mshazari wote mrefu hadi a8, na njiani anapita d5, mraba uleule ambao c4 anaulinda. Askofu wa g7 naye anaikazia macho d4. Katikati hakuna askari hata mmoja, lakini anayetia mguu pale bila hesabu ataulizwa.

Kosa ninalolisikia mara nyingi ni kudhani kwamba ulinganifu ni sare iliyokwisha kuandikwa. Umbo la ubao linaweza kuwa sawasawa, lakini zamu haiwi sawa kamwe. Kioo cha nyumbani husogea pamoja nawe. Hiki kinachelewa hatua moja. Hatua hiyo moja ndiyo mali pekee ya Nyeupe, na mchezo mzima ni swali la wapi ataitumia. Zipo sehemu kuu mbili za kuvunja ulinganifu: d4 katikati, au b4 ubavuni. Nyeusi naye ana d5 na b5 zake, ila lazima ajue lini.

Hebu tumwache Nyeusi aige tu, tuone atafika wapi. Baada ya maaskofu kukaa g2 na g7, na farasi c3 na c6, Nyeupe anacheza a3, Nyeusi a6. Ngome kwenda b1, ngome kwenda b8. Nyeupe anasukuma b4, askari wa c5 anamla, askari wa a3 analipiza. Nyeusi anasukuma b5, analiwa na askari wa c4, naye analipiza kwa askari wa a6. Farasi f3, farasi f6. Askari d4, askari d5. Hatua 11 zimekwisha na ukikunja ubao katikati kete zinalaliana. Ndipo Nyeupe anamtoa askofu wake wa pili hadi f4, akiilenga ngome ya b8. Kwa kawaida Nyeusi huipeleka ngome yake b6, na kuiga kunaishia hapo.

Wapo wasiopenda kungoja hivyo. Tawi ninalolipenda mimi ni lile ambalo Nyeupe anafungua kwa d4 mapema, Nyeusi anamla, kisha anajikunyata nyuma ya askari wanne wadogo kwenye a6, b6, d6 na e6. Muundo huo unaitwa Kalunguyeye, na jina limefaa: si nungunungu arushaye hofu kwa miiba mirefu, bali yule mdogo anayejiviringa. Nyeupe, akiwa na askari c4 na e4, ana nafasi pana ya kutembea, lakini kila anapogusa anachomwa. Nyeusi anapanga kete nyuma ya ukuta, anasubiri, halafu siku moja b5 au d5 inapasuka na nafasi yote ile ya Nyeupe inageuka mashimo. Ulf Andersson wa Uswidi alikuwa bingwa wa subira ya aina hii. Ukumbuke kwamba kufikia hapo ulinganifu umeshapotea kabisa. C4 na c5 zilikuwa mlango tu.

Lakini b5 hiyohiyo ikija siku isiyo yake, ni msiba. Reykjavik, Julai 1972, mchezo wa 8 wa ubingwa wa dunia. Mmarekani Bobby Fischer, ambaye kwa miaka mingi alifungua karibu kila mara kwa askari wa mfalme, alianza na c4. Boris Spassky, bingwa aliyekuwa akitetea taji, akajibu c5. Kwa hatua sita walifanana kabisa: farasi wote wanne nje, maaskofu g2 na g7, wafalme wote wawili wamekwisha kupelekwa kwenye hifadhi ya ngome. Katika hatua ya 7 Fischer akavunja kioo kwa d4. Askari wakaliana, farasi wawili wakabadilishana, na ubao ukabaki na wasaa mwingi.

Katika hatua ya 15 Spassky akasukuma b5. Wazo lenyewe ni la kawaida katika muundo huu, ila Fischer alikuwa na askofu e3, na sasa akamtelezesha hadi a7. Ngome ya b8 ikatafuta pa kwenda. Mraba wa c8 ulikaliwa na ngome mwenzake, b6 ililindwa na askofu wa a7, na b7 pamoja na a8 ziko kwenye mshazari wa yule askofu wa g2, aliyekaa kimya mahali pake tangu hatua ya 5.