Woga hauishi, panda jukwaani hivyo hivyo

Wiki hii mwanafunzi wangu wa taarabu ameniambia tena: "Mwalimu, woga ukiniisha nitaimba." Basi hutaimba. Laurence Olivier, mwigizaji wa Uingereza, woga ulimvaa miaka ya 1960, umri umeshapita hamsini na jina analo. Alifikia kuwaomba wenzake jukwaani wasimtazame machoni. Kwa nini umpate mtu wakati ule na si ujanani? Hilo linanishinda mpaka leo.

Moyo kwenda mbio, mikono baridi, mate kukauka: hiyo ni adrenalini, wala si dalili kwamba huna kipaji. Tuendelee.

Kinachonichosha ni "vuta pumzi ndefu". Jamani! Mwenye woga kifua kimeshajaa, anavuta juu kwa juu bila kutoa. Ukimwambia avute tena, mabega yanapanda, shingo inakaza, na neno la kwanza linatoka limebanwa. TOA pumzi. Fidla na akodiani zikiwa bado zinafungua wimbo, toa "sss" ya polepole mpaka tumbo liingie ndani, kisha legeza tumbo. Usivute. Hewa itaingia yenyewe, na itashuka hadi mbavuni. Maiki ikitetemeka, bana kiwiko ubavuni au iache kwenye stendi.

Halafu kuna wale wa "wawazie watazamaji wako uchi". Kwenye harusi, shangazi zako wamepanga safu ya mbele? Astaghafirullah.

Na sisi wa taarabu watazamaji wetu hawakai vitini. Uko katikati ya ubeti, mama anakujia akicheza, anakupepea noti usoni kabla hajakutunza, nyuma yake foleni. Upokee kwa mkono mmoja, utabasamu, na kituo, ule mstari wa mwisho wa ubeti, kisikuponyoke. Anayeimba amefumba macho huumbukia hapo. Kwa hiyo mazoezini nawapa wenzake vipande vya gazeti, wamwendee mmoja mmoja, wamsogelee mpaka akereke. Kuimba peke yako chumbani hakukuandai kwa hilo hata ukikesha.

Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha utafiti: waliojiambia "nina hamu" kabla ya karaoke waliimba vizuri kuliko waliojiambia "nina wasiwasi", na kwenye kuhutubia waliwapita waliojiambia "nimetulia". Inaingia akilini, maana mwili uliokwisha kuwaka hautulizwi kwa amri. Ila kwa wanafunzi wangu, wengine inawashika, wengine wanacheka tu, na siwezi kutabiri nani ni nani.

Mnaoniuliza faragha kuhusu propranolol: ni dawa ya moyo na presha, kutetemeka inapunguza kweli, na mwenye pumu inaweza kumbana kifua vibaya. Muulizeni daktari. Kupeana vidonge nyuma ya jukwaa dakika tano kabla ya kuitwa, kwangu hapana.