Picha kali sio jalada, jamani

Wiki hii nimeletewa tena. Jalada la jarida la mradi wa midia, mwanafunzi kapiga picha nzuri kweli, uso umejaa fremu nzima kuanzia kidevu mpaka nywele, halafu ananiuliza, "Mwalimu, sasa jina la jarida niliweke wapi?" Swali zuri ila kamera ishazimwa na rafiki yake aliyepigwa picha keshaenda kwao.

Sijui nani aliwaambia kwamba jalada ni picha halafu maandishi yanabandikwa baadaye kama stika kwenye daftari. Kabla hujashika kamera chora mstatili kwenye karatasi, jina huku juu, uso hapa, vichwa vya habari pembeni, dakika kumi tu hata kama huwezi kuchora. Ukienda kupiga unajua tayari: kamera iwe wima, rudi nyuma hatua mbili, acha nafasi juu ya kichwa, na ukuta wa nyuma usiwe na makorokoro maana maandishi yanataka sehemu tulivu ya kukaa. Ukuta mtupu unaweza kuuongeza kwenye kompyuta. Kama nyuma ni mti wenye majani elfu, pole.

Hapo ndo huwa napewa ile hoja inayonichosha: "Mbona Time na Vogue wanafunika jina kwa kichwa cha mtu?" Sawa, wanafunika. Vogue ipo tangu 1892, na Time ana ule mpaka mwekundu tangu 1927, hata ukifuta jina lote watu watajua ni nani. Jarida lako limepewa jina Jumanne, hakuna anayelijua zaidi ya wewe na mimi, sasa unamficha nani? Na hata hao wakubwa hawafuniki ovyo. Kichwa kinatokea chini kinakula sehemu ya chini ya herufi moja au mbili za katikati, na herufi zetu hizi utambulisho wake mwingi uko nusu ya juu. Chukua karatasi ufunike nusu ya chini ya neno lolote, utalisoma, kisha funika nusu ya juu uone unavyohangaika. Kwahiyo ukitaka kufunika, funika kidogo, tena usifunike herufi ya kwanza. Na tafadhali nakili leya (tabaka) ya picha kwenye kompyuta, mkate mtu vizuri, mpandishe juu ya jina. Nywele zilizokatwa kama kwa panga naziona kutoka mlangoni.

Mengine haraka haraka. A4 ya kuprinti kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) ni pikseli 2480 kwa 3508, na kubadilisha ile namba ya dpi kutoka 72 kwenda 300 bila kuongeza pikseli hakujaboresha chochote, umebadilisha lebo tu. Ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa. Picha iliyopita WhatsApp kama picha ya kawaida ishabanwa, omba faili lenyewe. Fonti mbili zinatosha. Baakodi, tarehe na bei viwepo ila vikae kwa adabu pembeni.

Kuna vitu navyofundisha huku navitilia shaka. Kile cha kuweka vichwa vya habari muhimu theluthi ya kushoto kwa sababu majarida hupangwa rafuni yakifunikana, kina mantiki yake, lakini jalada lako litaonekana kwenye simu likiwa dogo kama kidole gumba, sasa theluthi gani hiyo? Bado nawapa maksi wakiifuata, sijapata kitu cha kuweka badala yake. Na ile ya "lazima mtu aangalie kamera", mi mwenyewe nimeshaona majalada ya mtu kaangalia pembeni, macho yanaelekea kwenye kichwa kikuu cha habari, yakanishika kuliko yale yanayonikodolea.

Yule wa wiki hii nilimwambia akarudie. Kanuna, kaenda. Jana kaniletea picha mpya, nafasi juu ya kichwa ipo, ukuta mtupu, mwanga safi kabisa, ila kaipiga ya kulala.