Mbwa aliyepasuliwa goti: kumtunza nyumbani hadi mfupa uunge

Kano ya msalaba ya mbele, iliyo ndani ya goti la mguu wa nyuma, ndiyo inayozuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele kila mbwa anapokanyaga. Kwa mbwa wengi haikatiki kwa ajali ya siku moja. Huchakaa kwa miezi, kisha siku moja mbwa akigeuka ghafla anapokimbia, au akiruka kutoka kwenye gari, nyuzi zilizobaki zinaachia. Tatizo hili huwapata sana Rottweiler, Labrador na mbwa wengine wakubwa walionenepa, ingawa wadogo nao hawasalimiki. Upasuaji wenyewe ni wa saa chache. Kuponya goti huchukua miezi miwili hadi mitatu, na kazi hiyo karibu yote ni ya mwenye mbwa.

Kabla hujamchukua mbwa hospitalini, muulize daktari ametumia njia gani. Katika njia iitwayo TPLO, aliyoianzisha daktari Barclay Slocum wa Marekani na kuichapisha mwaka 1993, sehemu ya juu ya muundi hukatwa kwa msumeno wa mviringo, ikazungushwa ili mteremko wa mfupa upungue, halafu ikashikwa kwa plati na skrubu. Katika njia nyingine, uzi mnene wa nailoni hufungwa nje ya kiungo kushika kazi ya kano iliyokatika. Mbwa wa njia ya kwanza anasubiri mfupa uunge. Wa njia ya pili anasubiri mwili ujenge kovu gumu kuzunguka goti, maana nailoni, hata iwe imara namna gani, baadaye hulegea au hukatika. Kote kuwili kuna kitu ndani ambacho bado hakijashika, na kushika kwake huchukua wiki 8 hadi 12.

Maumivu, kwa upande wake, hupungua sana ndani ya wiki mbili. Hapo ndipo penye hatari. Mbwa anajisikia mzima, anaomba kucheza, mwenye mbwa anamhurumia na kumfungulia. Kati ya wiki ya 3 na ya 8 skrubu hulegea, uzi hukatika na mfupa hupasuka, na wanaorudi kwa upasuaji wa pili mara nyingi ni wale waliokuwa wakiendelea vizuri kabisa.

Siku za kwanza

Usiku wa kwanza mbwa anaweza kulialia na kuonekana kama hamtambui mtu. Ni mabaki ya dawa ya usingizi. Mpe maji kidogo kidogo na nusu ya chakula chake cha kawaida. Mkojo unatakiwa utoke ndani ya saa 24. Choo kikubwa kinaweza kuchelewa siku 3 au 4 kwa sababu alikaa na njaa na dawa kali za maumivu hufunga tumbo.

Kwa siku 3 za mwanzo kanda goti kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, mara 3 au 4 kwa siku. Usiweke barafu moja kwa moja kwenye ngozi iliyonyolewa. Kati ya siku ya 2 na ya 5 uvimbe hushuka hadi karibu na kisigino cha mguu wa nyuma. Watu wengi hushtuka, lakini ni majimaji yanayofuata mteremko, na hupungua yenyewe. Usijaribu kuyatoboa.

Koni ya shingoni ibaki hadi nyuzi zitolewe, siku ya 10 hadi ya 14. Kidonda kikilambwa nusu saa tu kinaweza kufumuka, na vijidudu vya mdomoni vikifika kwenye plati huwa vigumu kuviondoa bila kuitoa plati yenyewe. Usimwogeshe, usipake mafuta wala unga wa dawa juu ya mshono. Mahali penye inzi wengi alazwe ndani, au kwenye chumba chenye wavu madirishani, kwa sababu inzi hutaga mayai kwenye kidonda chenye unyevu na funza hutokea ndani ya siku moja.

Dawa za maumivu

Daktari wa mifugo mara nyingi huandika meloksikamu au karprofeni. Toa kwa kipimo alichoandika kulingana na uzito, pamoja na chakula. Mbwa akitapika, akikataa kula, au akitoa choo cheusi kama lami, acha dawa siku hiyo hiyo na umpigie daktari.

Dawa za binadamu zilizoko kabatini ziache huko. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo duka lolote la dawa linaziuza, hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake. Parasetamo huharibu ini na damu kipimo kikizidi, na aspirini huongeza kuvuja damu. Hatari haiondoki eti kwa sababu umempa nusu kidonge. Vilevile, mtu akija kumchoma mbwa sindano ya deksamethasoni kwa sababu nyingine yoyote wakati bado anatumia meloksikamu, mwambie asichome: dawa hizo mbili zikikutana ndani ya mwili mmoja, vidonda vya tumbo hutokea haraka.

Mahali pa kumweka

Kwetu mbwa wengi ni walinzi. Mchana wako bandani, usiku wanafunguliwa kuzunguka ua. Mbwa aliyepasuliwa goti asilinde, hata usiku mmoja, hadi daktari aseme. Tatizo hata hivyo halimalizwi na kumfungia bandani. Mgeni akigonga geti, mbwa hurukia wavu na kusimama kwa miguu ya nyuma akibweka, na uzito wote unaangukia goti lililoshonwa. Ziba kwa mbao au magunia upande unaotazama geti na njia, au mhamishie chumba cha nyuma cha nyumba ambako hamuoni mtu akipita. Mbwa wenzake wakae mbali, hasa jike akiwa kwenye joto.

Chumba cha mita 2 kwa 2 kinatosha, kisiwe na kochi wala kitanda cha kurukia. Sakafu ya marumaru ni adui mkubwa, kwani mguu ukiteleza pembeni mara moja unaweza kuharibu kila kitu. Tandika zulia kuukuu lenye mgongo wa mpira au mkeka wa mpira. Mkeka wa ukindu juu ya marumaru unateleza pamoja na mbwa, kwa hiyo haufai. Kucha ndefu zikatwe. Asiyetulia kabisa aandikiwe na daktari dawa ya kutuliza. Hakuna aibu kuitumia kwa wiki kadhaa.

Kutembea na mazoezi

Kila atokapo awe kwenye kamba fupi, hata akienda kukojoa tu uani. Wiki mbili za mwanzo pitisha kanga iliyokunjwa chini ya tumbo, mbele kidogo ya mapaja, uishike kwa juu. Si ya kumbeba. Ni ya kumdaka akiyumba. Kwa dume angalia isibane uume, la sivyo hatakojoa.

Wiki ya 1 na ya 2, dakika 5 mara 3 au 4 kwa siku. Wiki ya 3 na ya 4 ongeza hadi dakika 10, ya 5 na ya 6 dakika 15, ya 7 na ya 8 dakika 20 pamoja na mteremko mdogo. Tembea polepole mno, kiasi cha kukuchosha wewe. Mbwa akienda mwendo wa haraka hukunja mguu mbovu na kurukaruka kwa mitatu, lakini polepole analazimika kuukanyaga kila hatua. Mwambao, toka alfajiri kabla jua halijapanda. Ngazi hapana, isipokuwa zisizoepukika, na hapo kwa kanga.

Daktari akiruhusu, kwa kawaida baada ya siku chache, fanya mazoezi ya kukunja goti. Mlaze kwa upande mzima, weka kitambaa cha uvuguvugu gotini dakika 10 (baada ya zile siku za barafu). Mkono mmoja ushike paja, mwingine ushike juu kidogo ya kisigino. Kunja taratibu hadi uhisi ukinzani mdogo, hesabu hadi 5, kisha nyoosha. Mara 10, mara 3 kwa siku. Usizungushe goti, na akivuta mguu au akigeuza kichwa kukutazama, umefika mwisho wa leo. Kuanzia wiki ya 6 ongeza kuketi na kusimama mara 5, mguu uliopasuliwa ukiwa upande wa ukuta ili asiutanue nje.

Chakula nacho kipunguzwe, karibu robo, kwa kuwa hakimbii tena. Mbavu zake uziguse kwa urahisi bila kubonyeza. Kilo zinazoongezeka katika miezi hii zote zinabebwa na goti.

Dalili za kumpigia daktari

Kufikia mwisho wa wiki ya 2 mbwa anatakiwa awe anagusisha vidole chini, na kila wiki akanyage vizuri kuliko iliyopita. Aliyekuwa akikanyaga kisha akaacha ghafla, arudishwe siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa kidonda kinachotoa usaha au harufu, kilichoachia, au joto la mwili lililopita 39.4 (la kawaida huanzia 38 hadi 39.2). Mlio wa kukwaruka au "tak" gotini pamoja na kuchechemea tena baada ya wiki au miezi unaweza kuwa gegedu la ndani ya goti limechanika, na hilo huhitaji kufunguliwa. Tundu dogo linalotoa maji miezi kadhaa baadaye karibu na kovu mara nyingi lina maana kwamba plati imeshika vijidudu.

Eksirei ya wiki ya 8 usiiruke kwa sababu mbwa anatembea vizuri, kwani mwendo hauonyeshi kama mfupa umeunga. Picha ikiwa nzuri, bado mrudishe kwenye mbio hatua kwa hatua kwa wiki 4 zaidi, akianza kufunguliwa dakika chache uani peke yake.

Na uangalie goti la pili. Karibu nusu ya mbwa waliokatika kano upande mmoja hukatika na upande wa pili baadaye. Mwanzoni hachechemei: huketi huku mguu ule ameutupa pembeni badala ya kuukunja chini yake, au hukawia kuinuka asubuhi. Mpeleke akiwa bado katika hatua hiyo.